Mwili ufufuliwe wa nini?

Dada, umeuliza: ikiwa roho ya marehemu tayari iko kwa Mungu, mwili ufufuliwe wa nini? Swali hilo nililibeba mwenyewe tangu tulipomzika baba kule Siaya.

Ukristo hausemi tu kwamba roho haifi. Hilo waliliamini hata Wayunani wengi kabla ya Kristo. Unasema Mungu hautupi mwili aliouumba. Ndiyo maana katika Luka 24 Yesu anawaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, kisha anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao. Hapa Kisumu, kila nikiketi na sahani ya ngege, samaki wa ziwani, hukumbuka hapo: walidhani wanaona roho, wakamwona akitafuna.

Tena ufufuo huo si kama wa Lazaro, ambaye Yesu alimfufua akarudishiwa uhai huu huu wa kufa. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anatumia mfano wa mbegu: kinachozikwa ni punje tupu, kinachoota ni mmea. Ni yule yule, ila si katika hali ile ile. Paulo anamwita Kristo limbuko, yaani mavuno ya kwanza. Walio wake ndio mavuno yanayofuata.

Kaburi la baba liko hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama. Mvua za Machi zilipoanza, mama alipanda mahindi karibu nalo. Nilimtazama akizifukia punje kwa kisigino, mojamoja, bila haraka, na hapo ndipo sura hiyo ya Wakorintho iliponiingia moyoni.