Kovu la mkono wa kushoto

Mwanangu,

Umeniuliza kama dawa wanayonitia kibofuni inauma, na kama uombe ruhusa kazini uje Lamu. Kuuma inauma, hasa mkojo wa kwanza baada yake, na usiku huja kibaridi na homa. Kesho yake au keshokutwa huwa imepita.

Lakini dawa yenyewe ni BCG, mwanangu. Chanjo ile ile ya kifua kikuu uliyodungwa ukiwa mchanga! Daktari alipoitaja nilimtaka arudie. Akasema saratani ya kibofu inatibiwa nayo tangu miaka ya 1970: vijidudu hai vilivyodhoofishwa huwaamsha askari wa mwili, nao wakishaamka huishambulia na hiyo saratani.

Mimi nikauona mkono wako wa kushoto. Kisa unakijua, ila mamako hukihadithia nusu. Kipele kilipotunga usaha nilikubeba hadi kliniki nikamfokea muuguzi mbele ya akina mama wote, kwamba wamemharibu mwanangu. Akanijibu taratibu, "Baba, hiyo ni chanjo inafanya kazi." Sikumwomba radhi, wala sijui kama yu hai. Wiki 6 nimevuka kwa boti hadi Mokowe kupanda basi la Mombasa, na kila wiki, wakishautoa mpira wa kupitishia dawa na kuniambia nizuie mkojo kwa muda wa saa 2, niliyekuwa namuwaza ni yeye.

Mkojo wa damu si wa kungojewa. Nilikwambia kwenye simu, nakwambia tena, na kakako umwambie. Mimi niliungoja miezi 4 kwa sababu hauumi, nikajisemea ni kichocho. Labda kuwahi kusingebadili kitu, maana uvimbe walioukwangua ulikuwa haujaingia kwenye msuli, na ndiyo maana BCG inanifaa. La, kungebadili. Miezi 4 ile nilikuwa bado navuta sigara, na daktari, kabla hajaniuliza lolote jingine, aliniuliza sigara.

Nikirudi kwa shangazi yako Mombasa hukojoa nimechutama, kisha namimina klorini chooni, saa 6 nzima, vijidudu visimdhuru mtu. Hakuchoka nami hata siku moja. Mungu amlipe.

Baada ya miezi 3 watatazama ndani kwa kamera. Ama kuja kwako, una kazi na una watoto, sikuamulii. Mamako ameshatandika chumba chako. Sikuamulii, lakini ukipanda basi nipigie, nitakuja mwenyewe Mokowe kukupokea.

Babako