Muulize Mama Mchungaji: Tumetumwa Wuppertal, na hakuna anayebisha hodi

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu ni mchungaji wa Kanisa la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Tangu mwezi wa tisa tupo Wuppertal, Ujerumani, kwa utume wa miaka mitatu. Bukoba nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwenye bendi ya usharika nilipiga tarumbeta. Hapa mimi ni mke wa mchungaji, basi. Tunakaa ghorofa ya tatu, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kutupa pole ya safari. Ibadani tunakuwa watu ishirini hivi, wazee watupu. Saa moja haijaisha wameshavaa makoti. Mume wangu ana ofisi na vikao vyake. Mimi barua za benki na za shule nasomewa na binti yangu wa miaka minane, maana yeye Kijerumani kimeshamkaa. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nafikiria kumwandikia baba askofu nirudi baada ya Krismasi, mwenzangu amalizie mwenyewe. Je, nakosea?
Mama Binti, Wuppertal

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na safari, japo pole yangu imechelewa. Mimi na marehemu mume wangu tulitumwa Dortmund tukitokea Lushoto, kwa hiyo giza hilo la saa kumi na nusu nalijua vizuri.

Tuanze na majirani. Wewe unawasubiri, nao wanakusubiri wewe. Kwenu Bukoba mgeni hutulia, wenyeji wakamjia na kahawa ya kutafuna. Huko anayehamia ndiye anayepita mlango kwa mlango kujitambulisha. Hawajakudharau, ndiyo adabu yao. Hata siku ya kuzaliwa, mwenye siku yake ndiye anayebeba keki kuwapelekea wenzake kazini. Basi Jumamosi hii oka kitu, mchukue mume na binti, mpige kengele milango yote ya ngazi yenu. Si Jumapili, hiyo ni siku yao ya utulivu. Taja jina, sema mmetoka Tanzania, toa keki, aga. Jirani akisema mnywe kahawa siku moja, atafungua kalenda na kukupa tarehe ya wiki mbili mbele. Usicheke. Huo ni mwaliko wa kweli: siku hiyo vikombe vitakuwa vimepangwa mezani, na ukichelewa robo saa utamuudhi.

Kuhusu ibada, nakuomba usianze kusema Wajerumani wamepoa kiroho. Wengi wetu tukitumwa kule huanzia hapo, nami sipendi. Hakuna bahasha za ahadi wala mnada wa kuku na mikungu ya ndizi baada ya ibada, kwa sababu kuna kodi ya kanisa: katika jimbo lenu ni asilimia 9 ya kodi ya mapato ya muumini, nayo hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kwa hiyo yule usiyemwona Jumapili bado anachangia kanisa, na siku mama yake akifariki atamtaka mchungaji. Uanachama wake hauhesabiwi kwa kukaa kwenye benchi. Halafu subiri tarehe 24 Desemba jioni. Uwahi kufika, la sivyo utasimama.

Lililonisumbua zaidi ni la binti. Mtoto wa miaka minane hatakiwi kujua salio la baba yake. Na iko siku mwalimu wake ataandika barua ya kumlalamikia yeye mwenyewe. Atakusomea anavyotaka yeye. Kila jiji la huko lina chuo cha elimu ya watu wazima, Volkshochschule, chenye madarasa ya Kijerumani ya wanaoanza. Jiandikishe. Ada liulize shirika lililowatuma, tena uliza kwa maandishi, maana katika nyumba yenu hakutumwa mtu mmoja. Mumeo ana vikao, sawa, lakini jioni za darasa atapika yeye. Wangu alijifunzia ugali ukubwani, tukaula hivyo hivyo na mabonge yake.

Wakati huo huo omba kazi. Sharika nyingi za huko zina vipindi vya kuwasaidia watoto kazi za shule mchana, wakiwemo watoto wa wakimbizi, na hesabu ndiyo inayowashinda. Usiombe “kusaidia kidogo”. Watakupa kupanga viti. Waambie wewe ni mwalimu wa hesabu na unataka siku fulani na saa fulani.

Kutaka kurudi si dhambi. Ila barua ya namna hiyo haiandikwi Desemba, mwezi wenye giza kuliko yote. Ikifika Mei, jua linazama saa tatu usiku, na moyo wako bado uko Bukoba, iandike, na sahihi ziwe mbili.

Nimeacha tarumbeta mwisho makusudi. Wamisionari waliofika Bukoba mwaka 1910 walitoka Bethel, huko huko Ujerumani, na hapo Bethel mchungaji Johannes Kuhlo alizilea bendi za tarumbeta za kanisa kwa miaka mingi. Wenyewe huziita Posaunenchor. Muulize mzee yeyote wa kanisa mazoezi ya bendi iliyo karibu ni lini. Utawakuta watoto wa shule wamekaa na wazee wa miaka 80, na Kijerumani utakachohitaji ni namba ya wimbo tu. Majilio ndiyo msimu wao, hawatamrudisha mpigaji. Chombo watakuazima, mara nyingi vipo kabatini. Kipulizio nenda na chako, na midomo anza kuipasha leo hii nyumbani, ila isipite saa mbili usiku.