Kwa nini meli zilivuka Atlantiki kwa msafara

Ndugu, umeuliza kwa nini meli za mizigo zilivuka Atlantiki pamoja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilhali kuzikusanya kunaonekana kumrahisishia Mjerumani kazi. Bahari ile ni kubwa mno. Msafara wa meli 40 haukuwa rahisi sana kuuona kuliko meli moja. Zikitawanyika, nyambizi ya Kijerumani ingepata nafasi 40 za kukutana na windo. Tena aliyetaka kuushambulia ilibidi asogee zilipo manowari za ulinzi.

Zilijipanga safu nyingi fupi, msafara ukawa mpana kuliko urefu wake, kwa kuwa shabaha nzuri ya nyambizi ni ubavu wa meli. Za mafuta na risasi ziliwekwa ndani. Kwenye ukungu, meli ilikokota boya lililorusha maji juu ili ya nyuma ijue pa kufuata. Iliyoharibika injini mara nyingi iliachwa, na hapo ndipo mabaharia wengi walipopotea. Walikuwa raia hao, wakiwemo maelfu ya Wahindi na Wachina, na inaniuma kwamba hawatajwi sana.

Ila bila walinzi wa kutosha msafara haukufaa kitu. Msafara ulioitwa SC 7 ulitoka Sydney, Kanada, Oktoba 1940, ukisindikizwa na manowari moja tu mwanzoni. Kati ya meli 35, zilizama 20. Nyambizi zilishambulia usiku zikiwa juu ya maji, ambako vyombo vya kusikiliza mwangwi chini ya bahari havikuzinasa. Mambo yaligeuka Mei 1943, ndege za masafa marefu zilipofika hadi katikati ya bahari na rada kuwa bora zaidi.