Zahanati 158, nyumbani 124: nishike kipimo kipi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tukuyu, nina miaka 47. Kila nikienda zahanati presha yangu husoma 158 kwa 96, lakini nyumbani, kwa mashine niliyonunuliwa na mwanangu, hupata 124 kwa 78. Mume wangu anasema mashine hiyo ni mbovu. Nimeambiwa huenda nikaanzishiwa dawa. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, inawezekana kabisa vipimo vyote viwili ni sahihi. Hofu ya kupimwa huufanya moyo uende mbio na mishipa ibane, hivyo presha hupanda kwelikweli, ingawa kwa muda mfupi. Mwaka 1983 watafiti wa Italia, wakiwafuatilia wagonjwa waliolazwa, waliona kwamba daktari alipoingia kupima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa takriban 27 katika dakika za mwanzo, kisha ikaanza kushuka.

Hata hivyo, kabla ya kuitupia hofu lawama, nakuomba ukumbuke ulivyofika zahanati. Pengine ulipanda kilima kwa miguu asubuhi ya Julai, baridi ikiwa imekushika, ukapimwa mara tu ulipoketi, huku mkono wa sweta uliokunjwa ukibana juu ya mkanda na mhudumu akikuuliza maswali. Yote hayo hupandisha namba. Vua sweta, pumzika dakika 5 bila kuzungumza, egemeza mgongo, weka miguu sakafuni na mkono usawa wa moyo, na uwe umekwenda haja ndogo. Chai nayo (najua namwambia mtu wa Rungwe) isubiri mpaka umalize kupimwa.

Nyumbani, kwa siku 7, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ukiacha dakika moja kati ya vipimo, na uandike kila namba, hata ile isiyokupendeza. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani wa zilizobaki ukiwa chini ya 135 kwa 85, yaelekea presha yako hupanda zahanati tu. Peleka daftari hilo pamoja na mashine yenyewe, ili ilinganishwe na ya zahanati, ndipo maamuzi ya dawa yafanyike. Kama umeshaanza kumeza, usiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Hata dawa zisipohitajika, endelea kupimwa angalau kila mwaka, kwa sababu watu wa hali yako huelekea zaidi kupata presha ya kudumu kuliko wengine. Namba zikifika 180 kwa 120, nawe una maumivu ya kifua, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mume wako naye avae huo mkanda. Wapo ambao husoma vizuri zahanati na kupanda wakiwa nyumbani, na hao ndio hunitia wasiwasi zaidi, maana hakuna anayewashuku.