Una Linux kwenye laptopu? Hamia Wayland

Kama ulinunua laptopu ya mtumba Luthuli Avenue ukaiwekea Ubuntu au Fedora, hebu angalia inatumia mfumo gani kuchora skrini. Fungua terminali, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu x11, haya yanakuhusu.

X11 ilitoka mwaka 1987, enzi ambazo programu ziliaminiana tu. Mpaka leo, ndani ya X11 programu moja inaweza kusoma kila herufi unayopiga kwenye programu nyingine, tena ikapiga picha ya skrini nzima bila kukuuliza. Sasa uko kwenye eCitizen unaandika nenosiri, na kando yake kuna kagemu ulikokapakua hujui kametoka wapi. Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini alioanzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, umeziba mwanya huo. Programu inapata kibodi pale tu dirisha lake linapotumika, na ikitaka kuonyesha skrini yako kwenye mkutano, ni lazima ikuombe ruhusa kwanza. Hata kama kusingekuwa na faida nyingine, mimi ningehama kwa hili peke yake.

Ila zipo. Hapa nyumbani Umoja nafanyia kazi laptopu yenye skrini ya 4K, pembeni monita kuukuu ya 1080p. Kwenye X11, maandishi yakisomeka vizuri kwenye laptopu, kwenye monita yanakuwa kama mabango ya Thika Road. Wayland inaipa kila skrini kipimo chake: laptopu asilimia 200, monita 100. Macho yamepumzika kweli. Video nazo hazikatiki tena katikati, juu picha moja na chini nyingine.

Huhitaji kusakinisha chochote upya. Ukifika pa kuingilia, bonyeza jina lako, kisha alama ya gia pale chini, uchague Wayland. Programu za zamani zitaendelea kufanya kazi kupitia XWayland, daraja la kuendeshea programu za X11 ndani ya Wayland, ingawa zenyewe kwa zenyewe bado zinaweza kuchunguzana. Mwenye kadi ya picha ya NVIDIA aweke draiva 555 au mpya zaidi. Kadi yake ikiwa ya zamani mno kwa draiva hiyo, namshauri abaki X11 kwa sasa. Na kama kazi yako inategemea xdotool, programu ya kubonyeza kibodi na kipanya kiotomatiki kwenye X11, tafuta mbadala kwanza.

Ubuntu 25.10 imeshaondoa X11 kwenye GNOME, yaani eneokazi lake la kawaida, kwa hiyo jaribu sasa, wakati ungali na pa kurudi ukikwama.