Je, yafaa kusoma vitabu vya mustashrikina?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, nipo chuo kikuu, na katika somo la historia ya Uislamu vitabu karibu vyote tulivyopangiwa vimeandikwa na mustashrikina, yaani wasomi wa Magharibi wasio Waislamu wanaochunguza Uislamu na Mashariki. Kimoja kinadai kuwa hadithi nyingi zilitungwa miaka mia na zaidi baada ya Mtume (S.A.W.). Tangu nikisome sipati usingizi. Mwenzangu anasema kuvisoma ni haramu, na kwamba mwandishi Edward Said keshawaumbua wote hao. Je, niache somo?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu na Masahaba zake. Amma baad.

Mwanangu, Masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba nafsini mwao hupita mambo mazito ambayo hawathubutu kuyatamka. Akawaambia, hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Ameipokea Muslim. Basi kukosa kwako usingizi kusikutishe.

Kuhusu hukumu, yapo maneno mawili ambayo watu huchukua moja wakaacha la pili. Ibn Sirin, mwanachuoni wa zama za Tabiina, alisema: "Hakika elimu hii ni dini, basi tazameni mnamchukulia nani dini yenu." Na katika Bukhari, shetani alipomfundisha Abu Hurayra (R.A.) kusoma Ayatul Kursiyyu wakati wa kulala, Mtume (S.A.W.) hakusema itupe kwa kuwa aliyekufundisha ni shetani. Alisema: "Amekwambia kweli, ingawa yeye ni muongo." Itikadi yako, ibada yako, halali na haramu yako, huchukui kwa asiyeyaamini hayo. Lakini habari husikilizwa, kisha hupimwa. Kwa hiyo kuvisoma si haramu kwa asili yake. Asiye na msingi wa dini ndiye namkataza kuanzia huko, kama ambavyo asiyejua kuogelea hapelekwi kilindini.

Na mustashrikina hawako sawa. Robert wa Ketton alipofasiri Kurani kwa Kilatini mwaka 1143, anwani ya kitabu ilimwita Mtume wetu nabii wa uongo. Msomaji alishatiwa sumu kabla ya kufungua ukurasa. Snouck Hurgronje wa Uholanzi aliingia Makka mwaka 1885 kwa jina la Abdul-Ghaffar, na baadaye akawa mshauri wa serikali yake katika vita dhidi ya Waislamu wa Aceh, huko Indonesia. Hayo yametokea. Lakini pia ni Waholanzi hao waliosimamia kule Leiden, chini ya de Goeje, uchapaji wa Tarikh ya Tabari, kitabu kikubwa cha historia, kati ya 1879 na 1901. Na faharasa kubwa ya lafudhi za hadithi ambayo masheikh wetu wameitegemea miaka mingi ilianzishwa na Wensinck, akisaidiwa na Muhammad Fuad Abdul-Baqi wa Misri. Allah anatuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, chuki juu ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Sasa huyo Edward Said. Alikuwa Mpalestina wa familia ya Kikristo, na kitabu chake cha mwaka 1978 kilionyesha jinsi elimu ya Magharibi juu ya Mashariki ilivyokwenda sambamba na kuitawala: Mashariki ikachorwa kama kitu kilichoganda, kisichoweza kujisemea. Faida yake ni kubwa. Ila yeye mwenyewe alieleza kwamba hakukusudia kuutetea Uislamu, na suala la isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, halikuwa shughuli yake. Ukimjibu mhadhiri wako kwa Said peke yake, utakuwa umeeleza msemaji ni nani na alikuwa na maslahi gani. Kama alichosema ni kweli au si kweli, hujakigusa. Nami huona haya ninaposikia neno "mustashriki" likigeuzwa rungu la kumnyamazishia kijana aliyeuliza swali la haki.

Dai lenyewe, la kwamba hadithi nyingi zilitungwa baadaye, lilipata nguvu kwa Goldziher, Myahudi wa Hungaria aliyewahi kusoma Al-Azhar, katika kitabu chake cha 1890, kisha kwa mustashriki mwenziwe Joseph Schacht mwaka 1950. Kwamba zipo hadithi za kutungwa, hawakutufunulia siri. Ibn al-Jawzi alishaziandikia kitabu kizima katika karne ya sita ya Hijria, na elimu ya kuchunguza wapokezi ilikuwepo kabla yake. Kosa ni kuruka kutoka "baadhi zimetungwa" hadi "zote ni za kutungwa mpaka ithibitike vinginevyo".

Mwaka 1953 Muhammad Hamidullah alichapisha Sahifa (daftari la hadithi) ya Hammam bin Munabbih, mwanafunzi wa Abu Hurayra, yenye hadithi 138, kutokana na hati za mkono za Damascus na Berlin. Linganisha na zilizomo katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imam Ahmad, aliyekuja zaidi ya miaka mia baadaye: tofauti ni za lafudhi ndogondogo. Mpinzani atasema hati hizo nazo ni nakala za baadaye. Ni kweli, ndiyo maana usiishie hapo. Msome Muhammad Mustafa al-Azami, aliyeitetea tasnifu yake Cambridge mwaka 1966 kisha akamjibu Schacht hoja kwa hoja. Halafu msome Harald Motzki, Mjerumani asiye Mwislamu, ambaye kwa kuichambua Musannaf, mkusanyo wa kale wa hadithi wa Abdur-Razzaq, alionyesha kuwa Schacht aliziwekea hadithi tarehe za kuchelewa mno. Mwenzako atamweka wapi huyo?

Usiache somo. Tafuta mwalimu wa mustalah, yaani elimu ya kuzipima hadithi, ukae naye sambamba na masomo yako, na kila shubha (jambo la kutia shaka) mpelekee yeye kabla hujaipeleka mitandaoni. Aya ya 140 ya Suratun Nisaa inatukataza kukaa na wanaozifanyia istihzai (dhihaka) aya za Allah mpaka waingie katika mazungumzo mengine; ikitokea hivyo, toka. Lakini mhadhiri anayeeleza rai ya Schacht hajafanya istihzai. Nyoosha mkono umuulize Motzki alisema nini.

Wallahu aalam.