Bili ya kodi ya ardhi ikipanda, iombe kaunti ikuonyeshe hesabu

Bili ya kodi ya ardhi inapopanda ghafla, wengi wetu huenda ofisi za kaunti na swali moja: "Mbona pesa nyingi hivi?" Karani wa dirishani hana jibu la swali hilo. Anachokiona kwenye kompyuta ni jumla ya deni, na kazi aliyopewa ni kupokea malipo. Atakwambia ndivyo mfumo unavyosema, utaondoka na hasira zako, na riba itazidi kuhesabiwa. Ushauri wangu ni kwamba uombe kitu kingine kabisa: karatasi zilizotumika kuipata ile jumla. Karatasi hizo zipo, zinatunzwa kwa pesa za umma, na sheria ya Kenya inakupa haki ya kuziona bila kumwomba mtu fadhila.

Haya nimeyajua kupitia ploti aliyotuachia marehemu baba. Mama bado anaishi pale, na sisi watoto huchanga kila mwaka kulipia kodi ya kaunti. Mwaka mmoja bili ilikuja imepanda karibu maradufu. Kaka yangu mkubwa alitaka tuchange yaishe. Mimi nikakataa, na bado naamini nilikuwa na haki ya kukataa. Ukilipa jumla usiyojua imetoka wapi, mwaka ujao utaletewa ileile. Na siku mtakapotaka kugawana urithi au kuuza, mtahitaji cheti cha kuonyesha ploti haina deni, mkute kimezuiwa na hesabu hiyohiyo ambayo hakuna aliyewahi kuihoji.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha unajua ni kodi ipi unayoizungumzia. Mwenye hatimiliki ya kukodisha huilipa serikali ya kitaifa kodi ya pango la ardhi kupitia Wizara ya Ardhi. Hiyo ni nyingine. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kaunti, inayotokana na Kifungu cha 209 cha Katiba. Kifungu kinachofuata, cha 210, kinasema hakuna kodi inayoweza kutozwa au kuondolewa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake kwako mwenye ploti ni kwamba kiwango unachotozwa lazima kiwe kimeandikwa mahali fulani na kupitishwa na bunge la kaunti. Kama kimeandikwa, unaweza kukiomba.

Pale ambapo kodi inafuata thamani ya ardhi, bili huwa na vitu vitatu ndani yake. Kuna thamani ya ploti kama ilivyoandikwa kwenye daftari la uthamini, yaani orodha ya kaunti ya ploti na thamani zake. Kuna kiwango, yaani asilimia ya thamani hiyo, ambacho kwa kawaida hukipata kwenye sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka husika. Halafu kuna akaunti yako: ulicholipa, usicholipa, riba ya kuchelewa, na misamaha ya riba kama iliwahi kutolewa. Bili ikipanda, kimojawapo kimebadilika. Kazi yako ni kujua ni kipi.

Nairobi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi jiji lilitoza kodi kwa kufuata thamani za ardhi tupu za mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kiwango kilifika asilimia 34. Baadaye kaunti ikahamia kwenye daftari jipya la 2019, lenye thamani zinazokaribia za soko, na kiwango kikawa asilimia 0.115. Aliyesikia "kutoka asilimia 34 hadi 0.115" angedhani kodi imefutwa. Sasa piga hesabu ya ploti ya kubuni. Kwenye daftari la zamani iliandikwa thamani ya shilingi 30,000, na asilimia 34 yake ni 10,200. Kwenye daftari jipya ploti ileile imeandikwa milioni 9, na asilimia 0.115 yake ni 10,350. Asilimia peke yake haikwambii lolote, na thamani peke yake haikwambii lolote. Omba vyote viwili, na uombe vya kila mwaka unaodaiwa.

Sasa barua. Sheria ya Kupata Habari, namba 31 ya 2016, inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Narudia kwa sababu nimewaona wazee wakitafuta mtu wa kuwaandikia Kiingereza, wakamlipa: Kiswahili kinatosha, kimetajwa ndani ya sheria yenyewe. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, afisa wa ofisi ile anawajibika kumsaidia hadi ombi lake liwe kwenye maandishi. Huhitaji wakili, na kuwasilisha ombi hakuna ada. Unaweza tu kudaiwa gharama ya kutoa nakala.

Yetu tuliiandika hivi, unaweza kuichukua ilivyo:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria namba 31 ya 2016. Naomba nakala za kumbukumbu hizi kuhusu ploti namba (andika). Kwanza, ukurasa wa daftari la uthamini unaoonyesha ukubwa na thamani ya ploti hii, na tarehe daftari hilo lilipoidhinishwa. Pili, sehemu ya sheria ya kaunti iliyoweka kiwango cha kodi kwa kila mwaka ninaodaiwa. Tatu, taarifa kamili ya akaunti ya ploti kwa miaka hiyo, ikionyesha kodi, riba, malipo na misamaha. Kama kumbukumbu yoyote kati ya hizi haipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi."

Usiiache sentensi ya mwisho. Ofisi inayosema kwa maandishi kwamba haina ukurasa wa daftari imekubali kwamba inakudai bila msingi wa kuonyesha, na hapo una jambo la kupeleka mbele. Ona pia kwamba barua haina neno "kwa nini". Ukiomba maelezo utapewa maelezo, tena ya mdomo. Ukiomba kumbukumbu iliyotajwa kwa jina, ama itolewe ama wakatae rasmi.

Usieleze sababu za kuiomba. Sheria inasema wazi kwamba haki yako haipunguzwi na sababu uliyoitoa, wala na sababu ambayo ofisi inadhani unayo.

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Tulipofika mapokezi, kijana aliyekuwa pale alisoma barua, akairudisha. "Mama, hii inatakiwa iandikwe kwenye fomu." Nikamwambia taratibu kwamba fomu nitaijaza kama anayo, lakini sheria hairuhusu ombi kukataliwa kwa sababu tu halikuandikwa kwenye fomu. Akaingia ndani kuuliza. Alipotoka alikuwa na muhuri mkononi. Hakuna aliyepaza sauti. Wafanyakazi wengi wa mapokezi hawajawahi kuelezwa habari za sheria hii, na ukiwaeleza kwa heshima mara nyingi wanakuwa upande wako. Kisha tuma barua hiyohiyo kwa barua pepe ya kaunti, ili ushahidi uwe sehemu mbili. Ndugu zetu walio Ghuba au Ulaya, ambao mara nyingi ndio wanaotuma pesa za kodi hizi, nao wanaweza kuomba wenyewe kwa njia hiyo: haki ni ya raia, popote alipo.

Tangu siku ya muhuri, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kama habari ni nyingi au inahitaji kushauriana na ofisi nyingine, na ni lazima ikuarifu. Kama habari iko kwenye taasisi nyingine, inatakiwa ihamishie ombi huko ndani ya siku 5, isikuzungushe wewe. Ikinyamaza hadi muda uishe, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Hapo unayo siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Mbali na Nairobi, tume ina ofisi Mombasa, Kisumu, Eldoret na Isiolo, na madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma.

Sisi siku 21 zilipita kimya. Tukaandika barua fupi ya kukumbusha, tukataja tarehe ya muhuri na tarehe ambayo tungeenda kwa Ombudsman. Majibu yakaja.

Ilikuwa fotokopi ya ukurasa mmoja wa daftari, safu nyembamba zimepangwa kwa kalamu na rula: namba ya ploti, jina la mwenyewe, ukubwa, thamani. Mstari wetu ulikuwa na jina la baba, na kwenye safu ya ukubwa palisomeka hekta 0.2. Mama ndiye aliyegundua. Baba aliigawa ile ploti zamani, akauza nusu, na hatimiliki tuliyo nayo inasema hekta 0.1. Daftari jipya lilikuwa limeandaliwa kwa kufuata ukubwa wa kabla ya kugawanya, na jirani aliyenunua naye alikuwa akidaiwa sehemu yake kwa namba yake mpya. Kaunti ilikuwa ikitoza kipande kimoja cha ardhi mara mbili, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyekuwa ameufungua ukurasa ule.

Kwa makosa kama haya, Kifungu cha 35 kina sehemu ya pili ambayo haitajwi sana: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa habari isiyo ya kweli inayomwathiri. Tuliambatisha nakala ya hatimiliki, fomu iliyosajiliwa ya kuigawa ploti, na ukurasa wao wenyewe wa daftari, tukaomba marekebisho na akaunti ihesabiwe upya. Ilichukua muda, lakini walirekebisha. Wakati mnangoja, lipeni kile kiasi msichokibishia ili riba isikue, na muandike kwenye barua kwamba kulipa si kukubali bili yote.

Ukiomba akaunti ya jirani, ofisi inaweza kukataa kwa kulinda faragha yake, na ni sawa. Thamani zilizo kwenye daftari ni jambo jingine, kwa maana daftari la uthamini huandaliwa ili wananchi walikague na kutoa pingamizi. Likitangazwa jipya, nenda ukalisome wakati huohuo. Chini ya sheria za zamani muda wa pingamizi ulikuwa siku 28. Sheria hizo zimefutwa na Sheria ya Kitaifa ya Kodi za Ardhi ya 2024, kwa hiyo fuata siku zilizotajwa kwenye tangazo lenyewe.

Na kama ukubwa ni sahihi, thamani ni sahihi, akaunti ni sahihi, ila kiwango ndicho kinachokuumiza, barua hii haitakipunguza. Kiwango hupangwa kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na mswada huo hauwezi kupita bila maoni ya umma. Nenda kwenye kikao cha wadi yako ukiwa na ukurasa wako, umwonyeshe mwakilishi wadi ploti ya ukubwa ule italipa shilingi ngapi kwa kiwango kinachopendekezwa, na uombe maoni yako yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.